Pima Kwanza, Kisha Uvae



Juma hili hatutaongea juu ya sabuni wala mbegu za mboga. Tunataka kuwaeleza habari ya vijana wetu, wale wanaokaa chini ya varanda kila siku ya posho na kubishana hadi giza linaingia. Wengi wenu hapa Bukavu mumewapita pale na kuuliza: hawa watoto wanatengeneza nini, na kwa nini wanaongea sana? Sisi pia tuliuliza hivyo, tena kwa hasira. Leo tunaandika kwa sababu watoto wale walitufunulia kosa letu wenyewe.

Wanatengeneza ampli. Si zile kubwa za kanisani na za matanga ambazo sisi wote tunazijua. Hizi ni ndogo, zinaingia katika kiganja cha mkono, na kazi yake ni kuongeza nguvu ya sauti kwa mtu mmoja tu aliyevaa kaske masikioni. Ilianza wakati mtoto wetu mmoja alipopewa kaske ya zamani na redio fulani ya kartie iliyokuwa imenunua mpya. Alipoichomeka katika simu yake, sauti ilitoka kama ya mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Akadhani imeharibika.

Mwenzake mkubwa akamweleza. Ndani ya kaske kuna waya mwembamba sana uliozungushwa mara nyingi. Kaske ndogo za simu huwa na ukinzani wa omu 16 au 32, lakini hizi za kazi ya redio zinaweza kufika omu 300 au hata 600. Simu haina nguvu ya kuzisukuma. Ni kama kumpa mtoto mwiko mdogo na kumwambia asonge bugali ya watu 40. Bugali haina kosa, mtoto naye hana kosa. Kinachokosekana ni mkono wenye nguvu katikati yao, na mkono huo ndio ampli.

Tangu siku ile varanda ikageuka kuwa soko. Walileta redio zilizokufa, simu zilizovunjika na ubao wa televisheni uliotupwa. Vitu wanavyohitaji si vingi: kidude kimoja cheusi chenye miguu minane, rezistansi chache, kondansateri, kifungo cha kupandisha sauti, batri mbili za mraba za volti 9, na kisanduku cha kufungia vyote. Walitueleza kwamba huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, mtu anayeitwa Chu Moy alichora ampli ndogo ya mfukoni na kuutoa mchoro wake ili kila mtu aweze kuijenga. Watu wengi wakaiweka ndani ya kopo la peremende za Altoids, na hadi leo ampli hiyo inaitwa CMoy. Kwetu makopo hayo hayapatikani, basi vijana wakachukua visanduku vya sabuni.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Kopo la bati huzuia kelele za simu iliyo karibu, lakini sabuni ya mtu hukaa katika plastiki. Kila simu ilipotaka kuita, ampli ililia titititi. Mmoja akasema wapake ndani karatasi ya fedha ya kufungia chakula. Mwingine akasema karatasi hiyo itagusa waya. Yule wa kwanza hakusikia, akaipachika, ikagusa waya kweli, na batri ikapata moto hadi sisi tuliokuwa tukichambua sambaza tukasikia harufu. Siku ile tulipiga kelele kuliko ampli zote. Baadaye walibandika kwanza karatasi ngumu kati ya fedha na waya, na titititi ikapungua.

Jambo la pili walilobishania ni utamu wa sauti. Huyu anasema kidude chake cheusi kinatoa sauti tamu, yule anasema cha mwenzake kinatoa sauti kavu. Walitukumbusha sisi wenyewe sokoni Kadutu tukibishana sombe ya nani ni laini. Mwishowe walituita tuwe waamuzi. Mama wawili wakafumba macho, wakavishwa kaske, wakasikilizishwa visanduku viwili bila kuambiwa kipi ni kipi, na sauti ya vyote ikiwa imesawazishwa. Wimbo uleule, mara kumi. Mama hawakuweza kutofautisha. Vijana walinyamaza kwanza, kisha wakacheka sana.

Yule mkubwa wao akasema kuna mtu mmoja aliyejiita NwAvGuy ambaye alihubiri hilohilo: usiamini sikio peke yake, pima. Mwaka 2011 mtu huyo alitoa bure michoro ya ampli yake inayoitwa O2, na watu wa nchi nyingi wakaijenga. Mwaka 2012 akanyamaza, bila kuwa amejitambulisha kwa jina lake halisi. Tulishangaa kwamba mtu anaweza kuwapa watu kazi ya mikono yake namna hiyo na asidai hata kushukuriwa.

Kutoka hapo vijana wakaweka sheria: pima kwanza, kisha uvae. Kabla ya kuchomeka kaske katika ampli mpya, wanaweka kipimo cha umeme mahali pa kaske na kutazama. Kama umeme wa batri unapita moja kwa moja, waya mwembamba wa kaske utaungua. Hakuna anayeruhusiwa kusema "iko sawa, naiamini". Hata mwenye kuijenga, hata mkubwa wao, lazima apime mbele ya wengine.

Tulijifunza pia jambo ambalo lilitunyamazisha. Ile risasi ya kuchomelea ina bati ndani yake, na bati hutoka katika kasiteriti. Zile kondansateri ndogo za rangi ya manjano walizotoa katika ubao wa zamani zina tantali, nayo hutoka katika koltani. Kasiteriti na koltani, mama, ni vitu ambavyo kaka zetu na waume zetu wanachimba hapa Kivu. Msichana pekee katika kundi lile, ambaye mkono wake hautetemeki anapochomelea, alikishika kidude kimoja kidogo kama punje ya mtama, akasema: "Mama, kinatoka kwetu, kinazunguka dunia, kinarudi kwetu kikiwa takataka. Mimi nataka kujua kinafanya nini." Sisi tuliokuwa tukimkataza kukaa na wavulana hatukupata jibu. Tangu siku ile anakaa nao, na mama mmoja anakaa karibu akishona.

Lakini tuliweka sheria zetu pia, nazo ni za kila nyumba yenye fundi mdogo. Risasi hiyo ya kuchomelea mara nyingi ina madini ya risasi yenyewe, ambayo ni sumu kwa watoto na kwa mama mwenye mimba. Kwa hiyo hakuna kuchomelea jikoni wala karibu na mtoto anayetambaa. Kazi inafanyika nje, penye upepo, kwa sababu moshi wake unaumiza kifua. Kila mtu ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na meza inapanguswa kwa kitambaa chenye maji. Batri za simu zilizovimba hazifunguliwi hata kidogo.

Sasa tufike kwenye kosa letu.

Katika chama chetu tuko na koko mmoja ambaye wengi mnamjua kwa sura. Kila siku ya nne anafika wa kwanza, anakaa karibu na sanduku, anatoa hisa zake, ananyamaza. Tukiuliza jambo anatazama mikono ya wengine. Wakiinua, naye anainua. Wakicheka, naye anacheka, kidogo nyuma yao. Sisi tulisema koko ni mpole. Wengine kati yetu walisema ana majivuno, haongei na watu. Hakuna aliyesema kwamba hasikii.

Siku moja alifika kumtafuta mjukuu wake pale varandani. Vijana wakamwongelesha, hakujibu. Yule msichana akachukua kipaza sauti kidogo alichotoa katika simu iliyokufa, akakiunganisha na ampli, akamvisha koko kaske, akaanza kusema polepole. Koko aliruka.

"Musipige kelele hivyo! Mimi si kiziwi!"

Wote wakaangua kicheko, na yeye akacheka pamoja nao, safari hii bila kuchelewa. Halafu akakaa pale zaidi ya saa moja akisikiliza mabishano yao juu ya kondansateri, asielewe neno hata moja, na asitake kuondoka.

Juma lililofuata alikuja mkutanoni na kisanduku cha sabuni mapajani. Kipaza sauti tulikiweka mezani kwa mwandishi. Mwandishi akasoma hesabu kama kawaida, akafika kwenye mikopo iliyochelewa, akasoma jina la mama aliyehama bila kulipa, kisha jina la mdhamini wake. Koko akainua mkono, peke yake, kwa mara ya kwanza.

"Mumesema jina la nani?"

Mwandishi akarudia. Lilikuwa jina la koko.

"Mimi nilikubali lini?"

Tulifungua daftari. Imeandikwa pale: aliulizwa, akainua mkono. Na sisi tulikuwa pale. Tulimwona akitazama huku na huku, akainua mkono kwa sababu wengine walikuwa wameinua yao kukubali mkopo. Tulikuwa tayari tumekata nusu ya hisa zake kulipia deni la mtu mwingine, na kila juma alikuwa akitoa hisa nyingine akidhani zinakua.

Wapendwa, ndani ya chumba kile hakuna aliyeongea kwa muda mrefu. Sanduku letu lina funguo tatu ili mtu asiibe, na bado tulikuwa tumemkata mwenzetu pesa zake mchana, wote tukiangalia. Mama mmoja alijaribu kusema kwamba sheria ni sheria, aliinua mkono. Mwenye kiti akamjibu kwa maneno ya vijana wa varanda: "Tulivaa bila kupima."

Tulikubaliana hivi. Koko anarudishiwa hisa zake zote kutoka katika mfuko wa chama, na deni la aliyehama tunalibeba sote, kila mmoja kidogo kidogo, hadi liishe. Bado hatujamaliza. Tangu sasa mdhamini hatahesabiwa kwa kuinua mkono. Atakuja mezani, atasomewa polepole, naye atayarudia maneno yale kwa kinywa chake mwenyewe. Na mbele ya kumwita mwenzetu mwenye majivuno, tutamuuliza kama anatusikia.

Kisanduku kile hakikuwa dawa. Tulimpeleka koko kituo cha afya, na muuguzi akakuta sikio moja limezibwa na nta, akalisafisha. Sikio lile likafunguka sana. La pili ni uzee, halitarudi. Mama wengi wana taabu kama hiyo ndani ya nyumba zao na wanaitwa wakaidi. Wapelekeni wakaangaliwe kwanza. Musitie kijiti wala mafuta ya moto masikioni. Ampli ya vijana si kifaa cha daktari. Yule msichana alitia rezistansi moja zaidi katika kisanduku cha koko ili kifungo kikizungushwa hadi mwisho sauti isipite kiasi.

Hilo nalo ni la watoto wetu wote wanaotembea na vya kuvaa masikioni. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 inafaa kusikilizwa kwa saa 40 tu katika juma, na kila sauti inapozidi kidogo muda huo unapungua haraka. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa haziotewi na nyingine. Tunapima hivi nyumbani: kama mtoto amevaa kaske na mama aliye mbali kwa hatua moja analazimika kupaza sauti ili asikike, sauti imezidi, ipunguzwe.

Siku ya posho iliyopita tuliwapelekea vijana mihogo ya kuchemsha na sambaza. Walikuwa wakibishana tena, sijui kifungo kinakwaruza, sijui waya mrefu unaleta kelele. Koko alikuwa amekaa katikati yao na kaske kichwani. Tulimuuliza kama haoni uchovu wa kusikia maneno hayo yote.

"Miaka minane nilikuwa ninaona vinywa tu vikitikisika," alisema. "Acheni watoto waongee."

Basi tuliketi, tukawaacha waongee.