Waya Aliouacha Baba

Ramadhani ya mwaka 2023 ilinikuta nyumbani Mombasa, katika ile nyumba yetu ya mawe ya Mji wa Kale ambamo mama anaishi chini, na ami, ndugu yake marehemu baba, anaishi ghorofani na aila yake. Ndiyo kwanza nimeanza masomo ya uzamili, kichwa kimejaa istilahi, nikidhani nimekuja kupumzika. Kumbe nilikuwa nimeitiwa usuluhishi.

Kadhia yenyewe, msomaji, ilikuwa televisheni. Paani petu pana dishi ambalo baba alilifunga mwaka 2004, nyumba ilipokuwa ikipigwa chokaa upya. Wakati huo huo aliupitisha waya mmoja ndani ya ukuta, kutoka paani hadi chumba cha mama. Kuta zetu ni za matumbawe, nene kupita kiasi, na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Mtu hatoboi nyumba yake apendavyo. Kwa hiyo waya ule ndio uliokuwa njia pekee. Baba alipofariki mwaka 2016, ami alinunua king'amuzi chake, akaukata waya kule juu na kutia kigawanyio, ili dishi moja litumikie sebule mbili. Maneno yakaanzia hapo.

Kila jioni baada ya futari, mama alifungua tamthilia yake. Mara nyayo zingesikika juu, ami ametoka msikitini, ameketi kitini pake. Na papo hapo kioo cha mama kikawa cheusi. "Shemeji anikata makusudi," mama alisema. Ami naye, siku ambazo picha yake ilipotea, alidai ni mama anayechezea waya. Walikuwa hawajapandiana wala kushukiana ngazi kwa miezi sita. Isitoshe, chini ya ugomvi wa waya palilala swali ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka: nyumba hii, baada ya baba, ni ya nani? Mama alikwisha kuanza kuzungumzia kuhamia Kisauni kwa dada yake.

Nami, mwanafunzi wa Kiswahili, nikajitosa. Nilikuwa nimesoma kidogo juu ya mambo haya, nikamweleza mama habari za masafa, upitishaji wa mawimbi na mgawanyo wa nguvu za ishara. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, nakuuliza, ami yako anikata au hanikati?"

Sikuwa na jibu.

Mambo yakazidi kuchacha ami alipojiandikisha kwa kampuni ya kebo. Waya wa kampuni uliingia kutoka mtaani kupitia dirisha la mama, nao ulitakiwa kufika ghorofani. Kijana wa kampuni aliutazama ukuta, akatikisa kichwa, akasema kebo haichanganywi na dishi katika waya mmoja. Akauacha waya wake umejikunja chini ya ngazi kama nyoka aliyelala, akaenda zake. Mama akauona kuwa ni uchokozi mwingine.

Ndipo alipoletwa fundi mmoja mzee anayetengeneza redio, mtu ambaye nina hakika hajawahi kuingia ukumbi wa mihadhara. Aliomba waketi wote wawili, mama na ami, chumba kimoja. Akaanza na lile jicho lililo mbele ya dishi. Jicho, alisema, hupokea mawimbi ya kasi mno, gigahezi 10 na zaidi, ambayo waya hauwezi kuyafikisha mbali. Hivyo huyashusha kwanza, kisha huyaingiza wayani. Nalo hupokea amri kutoka kwa king'amuzi kwa njia ya umeme. Likiletewa volti 13, huchukua mawimbi ya wima. Likiletewa 18, huchukua ya mlalo. Haliwezi yote mawili kwa mpigo. "Tamthilia yako, bi mkubwa, ni ya wima. Mpira wa bwana huyu ni wa mlalo. Amri zenu zikikutana wayani, volti nyingi humshinda mwenye volti chache. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hakuna aliyemkata mwenziwe hapa."

Pakawa kimya. Ami aliinamisha uso, akawa anaichezea tasbihi yake. Mama alitazama dirishani.

Dawa yake ilinistaajabisha zaidi. Alipanda paani akabadilisha jicho, akatia lenye matundu mawili, kila tundu na amri yake. Tundu la kwanza likapata waya mpya, mfupi, uliopitia mlango wa paa hadi kwa ami. Tundu la pili likaachiwa waya wa baba. Kigawanyio kikatupwa. Kisha akafunga vichujio viwili vidogo, kimoja kila ncha ya waya wa baba, ili dishi literemke kwa mama na kebo ipande kwa ami, humo humo. Nikamuuliza vipi havigongani. "Umeiona Kilindini?" akanijibu. "Meli hupita kilindini, mitumbwi hupita maji madogo. Bahari ni moja." Kebo hutumia megahezi 862 kushuka chini, dishi hutumia 950 hadi 2150. Alikwisha kuwapigia simu watu wa kampuni kuhakikisha, maana zipo kebo zinazopanda hadi 1000, na hapo mtumbwi ungeingia njia ya meli. Kichujio pia huzuia umeme wa king'amuzi usivuke upande wa kebo na kuunguza vyombo vya watu.

Niliyaandika maneno yake daftarini: jicho, amri, maji madogo. Tangu mwaka 2015, Kenya ilipozima mitambo ya analogia, neno king'amuzi limekuwa kinywani mwa kila mtu, na wasomi tumejisifu kwalo. Ni neno zuri, sikatai. Lakini orodha zetu za istilahi aghalabu hutungwa mezani, na sikumbuki kumwona fundi ameketi nasi mezani hapo. Mimi nilikuwa na maneno mengi kuliko mzee yule, na mama alitoka kwangu akiwa bado anamshuku shemejiye.

Fundi alipokaza koki ya mwisho, ami alikuwa amepanda juu kujaribu. Mama alisimama chini ya ngazi, mkono juu ya kikingio, mguu mmoja kwenye kipandio cha kwanza.

"Shemeji!" akaita. "Yaonekana huko?"

"Yaonekana! Na huko je?"

"Yaonekana."