Jamani, Mbio ni Mguu au ni Kiatu?

Msomaji wangu, mfuko wangu ni mgonjwa. Na aliyeuambukiza ugonjwa si mwanamume wala si starehe, kama baadhi yenu mlivyokwisha kuanza kuwaza. Ni kiatu. Tena si kiatu changu!

Ngoja nianze mwanzo. Mdogo wangu wa kiume, miaka 19, ni mkimbiaji. Alfajiri, wakati watu wamejikunyata kwa baridi ya Mlima Meru, yeye na wenzake wako barabarani, Sakina kwenda Ngaramtoni, pumzi zinawatoka kama moshi wa jiko la mkaa. Hapa Arusha hilo si ajabu. Karatu ndiko alikotoka Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Kwa hiyo kijana akisema anataka kukimbia, sisi hatumcheki. Tunamwongezea uji.

Balaa lilianza alipokuja na habari za viatu vya "bamba".

"Dada, siku hizi bila bamba huambulii kitu," akaniambia.

Kwa asiyejua, hizo ni raba zenye soli nene kama mkate wa boflo. Ndani kuna sponji nyepesi ambayo ukiikanyaga inabonyea, halafu inaruka juu na kukurudishia sehemu ya nguvu zako. Katikati ya sponji kumepitishwa bamba gumu la kaboni. Nike walipoleta Vaporfly mwaka 2017, kwa dola 250, walitamba kwamba inamwokolea mkimbiaji asilimia 4 ya nguvu zake. Oktoba 12, 2019, Mkenya Eliud Kipchoge akakimbia kilomita 42 na ushei kule Vienna kwa saa 1:59:40, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi. Kesho yake tu, Brigid Kosgei akakimbia 2:14:04 pale Chicago, akafuta rekodi ya Paula Radcliffe iliyokaa miaka 16.

Weee! Dunia ikagawanyika. Wengine wakashangilia, wengine wakasema hiyo si riadha tena, ni ufundi wa kiwandani. Wakakumbusha yale mavazi ya kuogelea ya mwili mzima, yaliyoangusha rekodi 43 za dunia katika mashindano ya Roma mwaka 2009 mpaka yakapigwa marufuku. Wakubwa wa riadha hawakupiga marufuku viatu. Mwaka 2020 waliweka mipaka tu: kwa mbio za barabarani soli isizidi milimita 40, na bamba lisizidi moja.

Halafu mwaka 2023 ndipo nilipochoka kabisa. Adidas wakatoa kiatu cha gramu 138, yaani uzito wa mayai matatu hivi ya kuku wa kienyeji. Tigst Assefa wa Ethiopia akakivaa Berlin, akakimbia 2:11:53. Bei yake? Dola 500! Zaidi ya shilingi milioni moja na laki mbili za kwetu. Na wenyewe wenye kiwanda wakasema wamekitengeneza kwa ajili ya marathoni moja, pamoja na kukizoea kidogo. Moja!

Habari hiyo niliipeleka kwa mama ntilie wetu karibu na stendi, ambako ndiko bunge letu linakokaa. Mpiga debe mmoja akaacha wali unapoa. "Kiatu cha siku moja milioni? Mimi nanunua mtamba, mwakani nakunywa maziwa!" Fundi viatu akauliza, yeye akishona kiatu kinakaa miaka mitatu, hao wanashona cha siku moja, sasa nani fundi? Mlinzi wa duka la jirani, mzee wa Kimasai, hakusema kitu. Aliinua mguu wake juu ya benchi, akatuonyesha katambuga yake ya tairi la gari. "Hii nimetoka nayo Longido kwa miguu," akasema, akaushusha. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Na aliyecheka kuliko wote ni mimi.

Ndiyo maana dogo alipokuja kuniomba pesa yangu ya mchezo, laki mbili niliyoingoja miezi minane, nikamsomea risala. Kisa, ameona jozi ya bamba kwenye mitumba ya Kilombero, laki na themanini. Nikamwambia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 pekupeku. Nikamwambia John Stephen Akhwari wetu, Mexico 1968, alianguka, goti likaumia, akamaliza mbio akichechemea. Viatu vya bamba viliwahusu nini?

Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa upole, "Dada, samahani. Bikila aliporudi Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 alivaa viatu, na akashinda tena. Na Mzee Akhwari tunamheshimu sana, lakini alikuwa wa mwisho. Wanaosifia pekupeku si wanaokimbia."

Msomaji, sikuwa na jibu. Ila pesa sikutoa.

Zikaja mbio moja za kilomita 21 hapa hapa mkoani. Zawadi za fedha zilikuwa kwa sita wa kwanza. Mdogo wangu akawa wa saba, nyuma kwa sekunde tisa. Hakulia, hakunilaumu. Alikaa kwenye majani, akavua raba zake zilizolika kisigino, akawa anatazama miguu ya wale sita wanaokwenda kupiga picha. Watano walikuwa na soli nene. Mimi nilitazama pembeni.

Jumatatu nikaenda Kilombero mwenyewe. Jozi ilikuwa bado ipo, inang'aa, juu haina hata mkwaruzo. Nikalipa. Yule kijana alinikumbatia kama nimemnunulia shamba.

Wiki tatu baadaye analalamika kigimbi kinauma na kiatu hakirushi. Tukampelekea mzee mmoja aliyewahi kukimbia zamani, sasa anafundisha vijana. Akakigeuza, akabonyeza soli kwa kidole gumba. Ikabaki imebonyea.

"Binti yangu," akaniambia, "hiki kimekufa. Uhai wake uko kwenye sponji, na sponji ndiyo inayotangulia kufa. Mzungu amemaliza mbio zake, amekitupa. Wewe umenunua maiti aliyevaa suti."

Jamani! Mitumba ya jinzi nimeizoea, ikichakaa naiona. Hii imechakaa kwa ndani. Laki na themanini yangu imekwenda kumzika kiatu cha mtu nisiyemjua.

Usiku wa kuamkia Septemba 15, 2025, tulikuwa macho nyumba nzima. Alphonce Simbu, anayefanya mazoezi milimani huku huku kwetu, alikuwa Tokyo kwenye marathoni ya dunia. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza kwa muda ule ule, 2:09:48, ikabidi picha iamue. Simbu alishinda kwa sehemu tatu za mia za sekunde! Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wale wa mbele siku hizi karibu wote huvaa viatu vya namna hiyo, kwa hiyo mwishoni tunabaki kutazama mguu na moyo, kama zamani. Kiatu hakimshindishi mtu tena. Kimekuwa kiingilio cha mlangoni. Sisi wa benchi la mama ntilie tunabishana kama ni halali au wizi. Yuko mwenye miguu lakini hana kiingilio, na huyo hana nafasi ya kubishana.

Basi sasa mdogo wangu na rafiki yake, wote namba 42, wamechanga wakanunua jozi moja iliyo hai. Mazoezini wanavaa raba zao za kawaida. Jozi ile imefungwa kwenye mfuko wa rambo, inatoka siku ya mashindano tu. Nusu ya pesa ya dogo ilitoka wapi? Usiniulize, nimekwambia mfuko wangu mgonjwa.

Ila jozi ni moja, na wao ni wawili. Wanakwenda kwa zamu. Juzi Jumapili haikuwa zamu ya mdogo wangu. Alisimama kandokando ya barabara, ameshika koti la mwenzake, anamhesabia muda.

Tukijaliwa, wiki ijayo.