Ritifaa Mbele ya Kompyuta

Mtafiti mmoja wa fasihi simulizi alikuwa na faili mbili za ngano moja, ambayo msimulizi wake alikwisha fariki. Alizisoma mstari kwa mstari asione tofauti yoyote. Hata hivyo, kompyuta ilishikilia kuwa matini hizo ni mbili. Ipi, basi, ilikuwa kauli ya marehemu?

Ulinganishi huo ulifanywa kwa heshi ya kriptografia, yaani kanuni ya hesabu inayopokea data ya urefu wowote na kutoa muhtasari wa urefu maalumu. Katika lugha ya programu ya Python, kazi hiyo hufanywa na maktaba iitwayo hashlib, iliyoingizwa katika toleo la 2.5 mwaka 2006. Kanuni ya SHA-256 iliyomo humo hutoa biti 256, ambazo kwa kawaida huandikwa kwa tarakimu 64. Data iliyo sawa hutoa muhtasari ule ule. Ikibadilika herufi moja tu, muhtasari wote hubadilika.

Ikumbukwe kuwa hashlib haipokei herufi, bali baiti. Herufi sharti zigeuzwe kwanza, aghalabu kwa mfumo wa UTF-8. Hapo ritifaa iliyonyooka huchukua baiti moja. Ile iliyotengwa na Unicode kuwa herufi huchukua mbili. Na iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, huchukua tatu. Kwa hiyo neno ng'ombe laweza kuwa na baiti 7, 8 au 9, na mihtasari mitatu isiyofanana. Taratibu za Unicode za kusawazisha maandishi haziziunganishi ritifaa hizo. Faili moja ya mtafiti ilikuwa imepitia programu ya namna hiyo. Tofauti yote ilikuwa katika ritifaa.

Yamkini mtu atashauri kwamba ritifaa zifutwe zote. Ushauri huo huiridhisha mashine kwa kuiharibu lugha. Katika othografia ya Kiswahili, ritifaa ndiyo inayotenganisha ng'oa, yaani kutoa kilichopandwa, na ngoa, yaani wivu.

Lililo salama ni kukokotoa mihtasari miwili. Wa kwanza ni wa faili kama ilivyopokelewa, ili ithibitike baadaye kuwa haikuguswa. Wa pili ni wa nakala ambayo ritifaa zake zimefanywa kuwa za aina moja. Huo ndio wa kulinganishia. Aidha, kanuni ichaguliwe kwa uangalifu. MD5, iliyochapishwa mwaka 1992, ingali imo katika hashlib, ilhali mwaka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake walionyesha data tofauti zenye muhtasari mmoja.

Maktaba ya programu hujibu swali moja tu: je, baiti hizi ni zile zile? Iwapo neno ni lile lile, hilo ni swali la mwanaisimu, na hana budi kulijibu kabla kompyuta haijaanza kuhesabu.