Namba Moja Niliyoiandika Mara Tatu

Programu ya kompyuta inayoiga jinsi bamba la metali linavyobanwa na presi huuliza namba inayoeleza tabia ya bamba hilo katika pande tatu: likivutwa kufuata mwelekeo lilikopitishwa kwenye rola, likivutwa mshazari kwa nyuzi 45, na likivutwa kuukata mwelekeo huo, nyuzi 90. Nilijaza 1 kwenye nafasi zote tatu. Sikuwa nimepima hata moja, na nilijua wazi kwamba alumini kwa kawaida haitoi 1.

Kazi yenyewe ilikuwa sufuria. Kiwanda kilitaka sufuria yenye kina kirefu kuliko zile kilizozoea, ibanwe kutoka kwenye diski ya alumini laini. Mimi nilikuwa mhandisi wa hesabu. Nilitakiwa kusema diski iwe na kipenyo gani na ukuta utabaki na unene gani, kabla fundi hajaanza kuchonga kalibu.

Bamba likivutwa hurefuka, na urefu huo lazima utoke mahali: upana upungue au unene upungue. Namba ile, ambayo Lankford na wenzake waliieleza huko Marekani mwaka 1950, hulinganisha mapungufu hayo mawili. Ikiwa 1, upana na unene vimechangia sawasawa. Ikiwa chini ya 1, unene ndio unaoliwa zaidi. Na kwa kuwa rola huzipanga fuwele za metali kufuata mwelekeo wake, jibu hubadilika kila unapogeuza kipande, kama ubao unavyopasuka kirahisi kwa kufuata nyuzi zake na kugoma ukikatizwa. Rodney Hill wa Uingereza alikwishaiandikia hali hiyo kanuni mwaka 1948. Kwa hiyo siwezi kusingizia ugeni wa elimu.

Kipimo chenyewe si kigumu. Unakata kipande chenye kiuno, unakichora alama mbili zilizoachana milimita 80, unapima upana wake, milimita 20, kisha unakivuta. Unasimamisha mashine kabla kiuno hakijaanza kujinyonga mahali pamoja. Nilipokuja kupima baadaye, alama zilikuwa zimeachana milimita 88 na upana umeshuka hadi 19.3. Unene huupimi moja kwa moja, maana badiliko lake ni dogo mno. Unaukokotoa, kwa sababu ujazo wa metali hauongezeki wala haupungui. Jibu lilikuwa 0.6. Mshazari, kwa nyuzi 45, lilikaribia 1.

Mbona sikupima mapema? Mashine ya kuvutia ilikuwa ya kuazima, na vipande nilivyokuwa navyo vilikatwa vyote upande mmoja. Nilivivuta kupata nguvu ya metali tu, nikaacha upana bila kuupima. Kukata vingine kungenichelewesha, nami nilikuwa nimeahidi tarehe. Ripoti ikatoka na picha za rangi za kupendeza, na hakuna aliyeniuliza zile namba tatu zimetoka wapi.

Sufuria zilipotoka kwenye presi, ukingo ulikuwa umepanda vilele vinne, kila kimoja kwenye mshazari, na mabonde katikati yake. Hesabu yangu ilikuwa imeahidi ukingo ulionyooka, hivyo diski ilikatwa bila ziada ya kutosha. Ukikata vilele, sufuria inakuwa fupi. Nyingine zilichanika karibu na pindo la chini, pale ukuta ulipokonda kuliko nilivyotabiri.

Kwenye kikao, lawama ilimwangukia fundi wa kalibu. Ilisemwa kwamba ameipinda na hakuing'arisha vizuri. Mzee yule aliitikia, "Sawa, nitaitazama tena," akarudi karakana kuisugua kalibu isiyo na kasoro. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye meza ileile. Vilele vinne vilivyojipanga kwa nyuzi 45 vilikuwa vimekwisha kuniambia kosa liko wapi, kwa sababu kalibu iliyopinda haichagui pembe kwa mpangilio ule. Nikanyamaza. Kunyamaza huko kunaniuma kuliko zile namba.

Nilimfuata baada ya kupima, nikamwonyesha vipande. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, kalibu yako haina kosa, nilikudhulumu." Aliitikia salamu, akavigeuza vipande mkononi, akauliza mwelekeo wa rola utambulikeje kwenye bamba kabla halijakatwa. Tangu hapo mabamba huchorwa mshale yakifika stoo, na diski ikaongezwa kipenyo, pindo la chini likapanuliwa.

Nilimwandikia meneja barua, na lawama ikafutwa kwenye faili la mzee. Lakini wenzake waliosikia akilaumiwa kikaoni hawakuisoma barua hiyo, na wengine wamekwishahama. Sikuomba kikao kingine niseme mbele yao. Nilipaswa kuomba.