Kutaja Ila na Kuitengeneza

Hapana kazi ya mkono wa mwanadamu iliyopata kutoka bila ya ila. Seremala hodari huacha ufa mahali asipotazama, mshonaji hukosa tundu moja katika mia, na mjenzi wa chombo hujua kuwa maji yatatafuta mwanya aliousahau. Ila si aibu. Aibu ni kuijua na kuificha. Maneno haya ni mepesi ulimini, walakini ni mazito moyoni, na kazi ya kuandika programu za kompyuta imeyapima kwa mizani kali. Kiti kibovu humwangusha mtu mmoja aliyekikalia. Programu hunakiliwa mara elfu kwa siku moja, na ila iliyomo ndani yake hunakiliwa pamoja nayo, ikasafiri mpaka nchi ambazo mwandishi wake hatazifikia maishani mwake.

Waingereza na Wamarekani huiita ila ya namna hii mdudu. Jina hilo ni la zamani; Thomas Edison alilitumia katika barua ya mwaka 1878 alipokuwa akieleza taabu za uvumbuzi. Mwaka 1947, watumishi wa kompyuta moja kubwa ya Chuo Kikuu cha Harvard walikuta nondo amenaswa ndani ya mtambo wao. Hawakumtupa wakanyamaza. Walimbandika katika daftari la kazi, wakaandika kando yake kuwa mdudu wa kweli amepatikana. Kicheko kilikuwamo katika maandishi yale, lakini adili lilikuwamo pia: kosa lililoandikwa hufundisha watu, na kosa lililotupwa hurudi.

Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo wa kompyuta kilichopata jina la Linux. Kiini peke yake hakimfai mtumiaji, kama jiwe moja la kiga lisivyoinjika chungu. Hutakiwa programu nyingine nyingi za kuandika, za kusoma, za kuchapa, na za kuunganisha kompyuta na kompyuta. Basi wakatokea watu wa kukusanya programu hizo na kuzigawa pamoja na kiini. Mikusanyo ya kwanza ilifanywa kwa haraka, na mingine ilijaa ila ambazo hazikuwa na mwenye kuzijali. Tarehe 16 Agosti 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue katika jimbo la Indiana, Marekani, alitangaza mkusanyo mpya. Aliuita Debian, kwa kuunga jina la mpenzi wake Debra na jina lake mwenyewe. Alitaka mkusanyo utakaotunzwa kwa uangalifu, tena hadharani, na watu wengi wa kujitolea.

Katika Debian kila programu hufungwa katika kifurushi, na kila kifurushi hupewa mtunzaji. Juu ya kifurushi huandikwa jina, namba ya toleo, na vifurushi vingine kinavyovitegemea. Mpango huu ni mzuri, lakini hauondoi taabu yote. Vifurushi viwili huweza kuwa vyema kila kimoja pahali pake, vikagombana vikikutana, kama wake wenza waliopendeza kwao lakini jiko moja likawashinda. Kimoja huandika faili mahali palipo na faili ya mwenziwe. Kingine husubiri maktaba ya zamani baada ya mpya kuwekwa. Mtunzaji aliyekifunga kifurushi katika kompyuta yake haioni ila hiyo, maana kwake haipo. Huonwa na mtu wa mbali, usiku, mwenye kazi iliyokatika katikati. Mtu huyo ana mambo mawili ya kuchagua: kulaani na kunyamaza, au kuandika taarifa.

Ili taarifa hizo zisipotee, Mwingereza Ian Jackson alitengeneza daftari la ila kuanzia mwaka 1994. Matumizi yake yalikuwa sahili. Mwenye kuona ila alipeleka barua pepe, akataja katika mistari ya kwanza jina la kifurushi na namba ya toleo, kisha akaeleza yaliyompata. Daftari liliipa barua ile namba, likampelekea mtunzaji nakala, likaiweka mahali ambapo kila mtu aliweza kuisoma. Tangu hapo ila ilikuwa na jina lake duniani. Ikiwa ilikuwa ya kifurushi kingine, ilihamishwa. Ikiwa watu watatu wameandika jambo moja, barua zao ziliunganishwa. Na ikiwa kosa ni la mwandishi wa asili wa programu, habari ilipelekwa kwake. Mtunzaji alipokwisha kutengeneza, alifunga namba ile kwa barua ya maelezo, na maelezo hayo yalimfikia yule aliyelalamika kwanza. Hakufungiwa mlango nyuma ya kisogo chake. Kama hakuridhika, aliweza kuifungua namba tena.

Mwaka 1997, chini ya uongozi wa Bruce Perens, watu wa Debian walitia mkataba na jamii yao. Mojawapo ya ahadi walizotoa ni kwamba hawataficha matatizo, na kwamba daftari lote la ila litakuwa wazi kwa watu wakati wote. Msomaji na aipime ahadi hiyo kwa desturi za dunia. Mchuuzi gani sokoni hutundika juu ya mzigo wake orodha ya embe zilizooza? Mtawala gani hubandika mlangoni pake mashtaka ya raia, na tarehe ambayo kila shtaka lililetwa, na idadi ya siku alizokaa bila ya kujibu? Wengi hudhani sifa hulindwa kwa pazia. Wahenga walikataa dhana hiyo waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mkusanyo ulioonyesha maradhi yake yote haukudharauliwa kwa sababu hiyo. Uliaminiwa, kwa kuwa mtumiaji alijua mabaya yake sawasawa na waliouandika.

Walakini uwazi bila ya adabu ni kelele. Kutoa taarifa ya ila ni sanaa, na wachache huzaliwa nayo. Mtu mmoja huandika kuwa programu haifanyi kazi, na kwamba aliyeitengeneza ni mjinga. Barua hiyo imebeba hasira tele na habari haba. Mwingine huandika: nilikuwa na toleo hili, katika kompyuta ya namna hii; nilitoa amri hii; nilitazamia jibu lile; nikapata hili; nimerudia mara tatu na limetokea mara tatu. Wa pili huyu amefanya nusu ya kazi ya fundi kabla fundi hajashika nyundo. Shahidi mwema hueleza alichokiona, huacha alichokidhani mpaka mwisho, wala hachanganyi viwili hivyo. Ila ambayo haiwezi kuonekana tena mbele ya mtengenezaji ni vigumu kuitengeneza, kama ugonjwa ambao hujificha kila mgonjwa afikapo kwa mganga.

Upande wa pili, yuko mtunzaji, na moyo wake pia hujaribiwa. Halipwi mshahara na Debian. Amerudi kutoka kazini au darasani, amechoka, amekuta barua sita, na kila moja yasema kuwa alichokipenda kina kasoro. Kiburi humnong'oneza kwamba mtumiaji ndiye aliyekosea. Mara nyingine ni kweli, na mara nyingi si kweli. Hapo hutengana wanaoipenda kazi yao na wanaojipenda nafsi zao kwa kupitia kazi yao. Anayeipenda kazi humshukuru mtu aliyemwonyesha ufa, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ikiwa mtunzaji amezidiwa au yuko mbali, desturi humruhusu mwingine kutia kiraka katika kifurushi kisicho chake. Lakini hutakiwa kumwarifu mwenyewe, kuutia mkono pale palipoharibika tu, na kuuweka waziwazi mabadiliko aliyoyafanya. Aingiaye shamba la jirani kuzima moto hasifiwi akitoka na mahindi.

Ila zote si sawa. Daftari lilizipanga kwa uzito, toka zile za hatari, ambazo huharibu mali ya mtu au humfungulia mwizi mlango, mpaka zile ambazo si kasoro hasa bali ni matakwa ya watumiaji. Mpango huo ulikuwa na maana katika kutoa matoleo, kwa sababu katika miaka ile toleo la Debian halikuamriwa na kalenda. Lilitoka ila nzito zilipokwisha kutengenezwa, au vifurushi vilivyokuwa nazo vilipokwisha kuondolewa. Toleo la Juni 1996 lilikuwa na vifurushi 474. Lile la Agosti 2000 lilikuwa na zaidi ya 3,900. Uvumilivu wao ulionekana pia mwishoni mwa mwaka 1995. Mchuuzi mmoja wa diski alichukua kazi isiyokamilika akaiuza kwa namba 1.0. Watu wa Debian hawakugombania namba. Walitangaza kuwa ile si yao, na toleo lao lilipokuwa tayari wakaliita 1.1, mtu asije akadanganyika. Mpaka leo Debian 1.0 haipo, na pengo lile katika hesabu zao ni ukumbusho wa heshima.

Yamkini mtu akafikiri kwamba daftari wazi na watu wema ni dawa ya kila kitu. Sivyo. Mwaka 2006, chombo cha kuchunguza programu kilinung'unikia mistari fulani katika kifurushi cha OpenSSL, ambacho hutengeneza funguo za siri za kompyuta. Mtunzaji aliuliza, akaelewa kuwa ameruhusiwa, akaiondoa mistari ile kwa nia ya kusafisha. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikileta bahati nasibu ambayo ufunguo huzaliwa kwayo. Tangu siku hiyo, kwa kila aina na urefu wa ufunguo, funguo zilizoweza kutokea zilikuwa 32,767 tu, idadi ambayo mwizi mwenye kompyuta huijaribu yote kwa muda mfupi. Ila hiyo ilikaa hadharani karibu miaka miwili bila ya kuonwa. Ilipogunduliwa, ilitangazwa tarehe 13 Mei 2008, na watu wa nchi nyingi wakalazimika kuzitupa funguo zao na kutengeneza nyingine. Tukio hili lina mafunzo mawili. Dawa nayo huweza kuwa sumu, na mwenye kutengeneza hana budi kuelewa kabla ya kukata. Pili, mlango ulio wazi hauoni. Huona macho ya mtu aliyekubali kusimama mlangoni. Lakini ila ilipojulikana haikufichwa ili kulinda sifa, na jambo hilo liliokoa imani ambayo uficho ungaliiua.

Nyuma ya namba na viraka kuna watu, na mara nyingi hawaonani. Miongoni mwao alikuwako Joel Klecker, kijana aliyetunza vifurushi vya Debian na kujibu barua za ila kama wenziwe. Wengi waliofanya kazi naye hawakujua kuwa alikuwa kitandani, amedhoofishwa na maradhi ya misuli aliyokuwa nayo kwa muda wote wa utumishi wake. Alifariki Julai 2000, umri wake miaka 21. Toleo lililotoka mwezi uliofuata liliwekwa kwa kumbukumbu yake. Ni wangapi walioandika kwa ukali juu ya jibu lililochelewa, bila ya kujua ni mkono gani uliokuwa ukiliandika? Hapana awezaye kuhesabu. Kwa sababu hiyo upole katika taarifa ya ila si pambo la maneno, bali ni haki ya mtu asiyeonekana.

Kutoka katika Debian umezaliwa mkusanyo wa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa jina hilo, kwa kuwa ubuntu na utu ni matunda ya shina moja. Ila ya kwanza katika daftari la Ubuntu iliandikwa na mwanzilishi mwenyewe, wala haikuwa ya kifurushi chochote: alilalamika kwamba kampuni moja imeshika sehemu kubwa ya soko la kompyuta. Aliifunga mwaka 2013, baada ya simu kuugeuza ulimwengu, akikiri kwamba sehemu ndogo tu ya mabadiliko hayo ilitokana na mkusanyo wake. Mtu aliyefunga shtaka bila ya kujitwalia ushindi wa wengine alifanya jambo la utu.

Kila nyumba, kila chuo na kila serikali ina ila zake. Nyingine hujulikana na wote na hutajwa na wachache. Mafundi wa vifurushi hawakuwa malaika. Waligombana, walichelewa, na waliharibu walichotaka kutengeneza. Lakini waliweka daftari, wakaliacha wazi, wakampa kila mlalamikaji namba na jibu. Mahali ambapo mnyonge aweza kuandika kasoro ya mkubwa, na mkubwa akalazimika kuifunga kwa maelezo na si kwa ghadhabu, kazi hukua na watu hukua pamoja nayo. Ila itazaliwa kesho tena, maana mkono wa mwanadamu ni uleule. Heri yake mtu aionaye mapema, akaitaja kwa adabu. Na heri zaidi aisikiaye, akashukuru, akainuka kuitengeneza.