Sanduku la Babu na Nyumba ya Makumbusho ya Lubumbashi



Mgeni akifika Lubumbashi, wenyeji humwonyesha kwanza bomba refu la moshi, na kando yake kile kilima cheusi cha masazo ya madini yaliyoyeyushwa tangu mwaka 1911. Vitu hivyo huonekana kutoka mbali, wala hakuna haja ya kuuliza njia. Lakini imo mjini humo nyumba nyingine isiyojitangaza, nayo ni Makumbusho ya Taifa. Huko nilikwenda pamoja na wanafunzi wa darasa langu, kila mmoja na daftari lake mkononi. Nataka kuwaeleza tuliyoyaona, na tena aibu niliyotoka nayo.

Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1937 na Francis Cabu, wakati mji ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville. Mwongozi wetu, mzee mwenye sauti ya upole, alitupeleka kwanza penye misalaba ya shaba. Watoto walidhani ni misalaba ya kanisani. "Hapana, wanangu," akasema, "hii ilikuwa fedha ya wazee wetu, zamani sana kabla ya wageni kufika."

Kisha akatusimulia habari za Sanga, karibu na ziwa Kisale, mahali ambapo mto Lualaba hupita. Huko, mwaka 1957 na 1958, wataalamu walichimbua makaburi ya kale. Wafu walikuwa wamezikwa kwa heshima, pamoja na vyungu vizuri, mapambo ya shaba, na misalaba midogo ya shaba. Msichana mmoja akauliza: "Mzee, watu hao waliitwa nani?" Mzee akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Vyungu vimebaki, mwanangu. Majina yamepotea."

Neno hilo lilinichoma. Watu wa Sanga hawakuwa na karatasi wala kalamu, nani atawalaumu? Lakini sisi tuliosoma tutajitetea kwa neno gani?

Kumbukeni jinsi mji wetu ulivyoanza. Reli ilifika kutoka kusini mwaka 1910. Watu wa kazi wakaletwa kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na hata kutoka Ruanda-Urundi. Tangu miaka ya 1920 kampuni kubwa ya shaba, Union Minière, ilianza kuwataka wafanyakazi wakae na wake zao na watoto wao. Basi karibu kila jamaa ya mji huu ina mzee aliyetoka mbali. Kijijini, makaburi na miti na majirani humkumbusha mtoto asili yake. Mjini, mzee akifa bila kusimulia, njia ya kurudi nyuma imefungwa.

Wako waliolitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Hakuiandika kwa Kifaransa, bali kwa Kiswahili cha mji wenyewe. Waliopika na kufua nguo katika nyumba za Wazungu walitaka maisha yao yaandikwe na watu wao wenyewe. Maandiko yale hayakufuata nukta wala mkato, hata msomaji ilimpasa kuyasoma kwa sauti ili ayafahamu. Mtaalamu Johannes Fabian alipoyatangaza kwa kitabu mwaka 1990, alisaidiwa na Kalundi Mango, mwenye kujua Kiswahili hicho, aliyeyasoma kwa sauti. Vilevile, tangu mwaka 2000, waalimu Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki waliongoza kazi iliyoitwa Kumbukumbu za Lubumbashi: watu wa mitaani walisimulia maisha yao, na mambo yaliyokusanywa yakaonyeshwa kwa watu wote.

Sasa niseme aibu yangu. Babu yangu alifanya kazi ya kuyeyusha shaba. Alipokufa, aliacha sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na kitabu chake cha kazi, barua chache, na picha mbili za watu tusiowajua. Mchwa walikuwa wamekwisha kutoboa kingo. Mimi ndimi niliyekuwa na masomo nyumbani, nami ndimi niliyesema: "Karatasi hizi hazina faida." Tukazichoma nyuma ya jiko. Baadaye watoto wangu waliponiuliza kijiji cha babu, sikuwa na jibu.

Baada ya safari ile ya makumbusho nilikwenda parokiani. Padri akanifungulia kitabu cha ubatizo cha zamani. Tukatafuta asubuhi nzima, na mwisho tukauona mstari mmoja: jina la babu, jina la baba yake, jina la mama yake, na kijiji alikozaliwa. Nikauandika kwa mkono unaotetemeka, nikaupeleka kwa shangazi, binti wa mwisho wa babu. Nilipomsomea jina la mama yake babu, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Hilo ndilo jina langu. Baba alikuwa akiniita 'mama' tangu utoto, nami nilidhani ni mapenzi tu. Hakuna aliyenieleza."

Ndugu zangu, mstari mmoja ulitosha kumrudishia mwanamke mzee jina la bibi yake. Mangapi yalikuwa katika sanduku lile?

Kwa hiyo nawaomba jambo dogo. Nyumba ya makumbusho haiwezi kutunza kitu ambacho sisi tumekwisha kukitia moto. Chukueni picha za nyumbani, mwandike kwa kalamu ya risasi, nyuma na kwa wepesi, jina la kila mtu, mahali na mwaka. Wekeni karatasi mbali na sakafu na unyevu, katika sanduku linalofungwa vizuri, na msizibandike kwa gundi. Mwenye simu apige picha ya karatasi, lakini asitupe karatasi yenyewe. Nanyi wanafunzi, kaeni na wazee jioni moja, mwaulize walitoka wapi, nani aliwazaa, walifanya kazi gani, nanyi mwandike maneno yao kama walivyoyasema.

Wanafunzi wangu wamekwisha kuanza. Yule msichana aliyeuliza majina ya watu wa Sanga amejaza kurasa kumi na moja kutoka kinywani mwa bibi yake. Nami nimenunua sanduku jipya la bati. Kitu cha kwanza kilichowekwa humo ni karatasi yenye mstari mmoja tu.