Kiporo si Taka

Lugha yetu ina majina kadhaa ya chakula kilichobaki, na kila jina lina agizo lake. Masazo ni kile walichobakiza walaji walioshiba. Kiporo, ambacho wengine hukiita mwiku, ni chakula kilicholala kikingoja kupashwa moto asubuhi. Ukoko ni ule ulioganda chunguni, nao una wapenzi wake. Makombo ni mabaki ya sahani, fungu la kuku. Miaka yangu ya ualimu niliyafundisha majina haya kama msamiati. Sasa, nikiwa mstaafu hapa Ganako, nayaona kuwa ni utaratibu kamili wa jiko.

Utaratibu huo unavunjika, kwani neno moja limeanza kuyameza mengine yote: taka. Mjukuu wangu anayekuja likizo kutoka mjini hulijua neno kiporo, lakini kwa maana ya mechi iliyoahirishwa. Wali wa jana kwake ni taka tu. Neno limehamia uwanjani, na jiko limebaki bila mtetezi.

Hasara yake si ya kamusi peke yake. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya 2024, lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, maganda na mifupa ikiwamo. Asilimia 60 ilitoka majumbani, 28 kwa watoa huduma za chakula kama mikahawa, na 12 madukani. Supamaketi tunazozilaumu zimetanguliwa na masufuria yetu.

Huko supamaketi nako maneno yana kazi. "Bora kabla ya" husemea ubora. "Tumia kabla ya" husemea usalama. Sisi twasema tu "imeekspaya", na vyote viwili hutupwa pamoja.

Wahenga walinena: akiba haiozi. Akiba iliyosahauliwa nyuma ya friji huoza. Hapa Karatu mbaazi hupandwa pamoja na mahindi, na mahindi yakishavunwa, zenyewe hubaki shambani zikikomaa. Kitu kilichongojwa miezi yote hiyo hakistahili kutupwa kwa sababu kimelala usiku mmoja.

Washairi wenzangu, kirudisheni kiporo jikoni. Kitajwe katika beti zenu kwa jina lake, kipate kuliwa.